Ule Mwaka wa Nhica kwenye CV Yangu

Tangazo lilibandikwa Ijumaa kwenye ukuta wa ofisi ya bairro, yaani ofisi ya mtaa, na kabla ya swala lilikuwa limeshachafuka kwa vidole vya watu waliokuwa wakifuata mistari. Kampuni moja ya ujenzi ilitafuta mtunza ghala. Walitaka mtu aliyemaliza darasa la kumi, mwenye uzoefu, anayejua Kireno na Kiswahili. Chini kabisa waliandika kwamba CV iwe na watu wawili wa kumthibitisha mwombaji, pamoja na namba zao za simu. Mwisho wa kupokea ulikuwa Ijumaa inayofuata.

Mimi ni mtoto wa Palma. Kabla mji haujashambuliwa nilifanya kazi ghalani miaka mitatu, kwenye kampuni nyingine iliyokuwa ikishusha saruji na mabomba. Kazi nilikuwa naijua na nilikuwa naipenda. Kilichonisimamisha pale ukutani ni hiyo CV. CV hudai miaka yako yote ikae mstari mmoja baada ya mwingine, na mimi nilikuwa na mwaka na zaidi ambao sikuwa nausema hata kwa majirani.

Nilikwenda kwa mwenye kibanda cha fotokopia karibu na soko. Alikuwa mtu mzima, amerudi kutoka Pemba, mji mkuu wa mkoa wetu, na mashine yake, na nusu ya mji alikuwa ameshauandikia. Aliandika jina langu, akaandika kwamba mimi ni mtu mchangamfu, mwepesi wa kujifunza na mwenye kujituma, bila kuniuliza.

"Ghala, miaka mitatu. Sawa," akasema. "Halafu hapa katikati?"

"Hapa katikati nilikuwa Nhica."

Akaondoa mikono kwenye kompyuta. "Nhica mjini?"

"Mashambani."

"Muda wote huo?"

"Muda wote."

Aliangalia nyuma yangu kama kuna mtu kwenye foleni, kisha akateremsha sauti. "Ndugu yangu, hilo usilitoe mdomoni. Tuandike ulikuwa Pemba. Kuna kampuni ya samaki pale ilikufa, mwenyewe karudi kwao. Nani atakwenda kuuliza? Si wewe wa kwanza."

Nilinyamaza, na yeye akachukua kunyamaza kwangu kuwa ni ndiyo. Karatasi ikatoka mashineni ikiwa bado na joto. Njiani nilikuwa nimeikunja ndani ya shati, naisikia inanigusa kifuani, nikijiambia kwamba ni mstari mmoja tu.

Nilikuwa nikiishi kwa shemeji yangu, mke wa kaka yangu mkubwa. Kaka alikuwa Nampula kikazi. Shemeji ni mwalimu wa Kireno shule ya sekondari, mtu asiyepandisha sauti lakini anayeweza kukusomea barua yako mpaka ukaona haya kuwa uliiandika. Alikuwa anachambua mchele barazani. Akajifuta mikono, akaisoma karatasi tangu juu mpaka chini.

"Wewe ni mchangamfu?"

"Ndivyo wanavyoandika, shemeji."

"Ndivyo anavyoandika yeye. Juzi kaja mwanafunzi wangu wa zamani na maneno haya haya, nukta kwa nukta. Mkijipanga wote mlangoni pa watu mko wachangamfu, wachague yupi?" Akagonga karatasi kwa kidole. "Ghalani ulifanya nini?"

"Nilikuwa mtunza ghala."

"Hicho ni cheo. Nimeuliza ulifanya nini."

Nikamwambia. Nilipokea malori, nilihesabu mzigo pamoja na dereva kabla ya yeyote kutia saini, saruji iliyopata unyevu niliitenga na kuandika sababu, na nilikuwa na wasaidizi wawili chini yangu. Akaleta kalamu ya risasi, akaandika vile vile nilivyosema, kwa Kireno chepesi. Akafuta hali ya ndoa, akafuta mambo niyapendayo. Akaweka kazi juu na shule chini, maana mtu anayetafuta mtunza ghala anataka kwanza kujua kama umewahi kushika ufunguo wa ghala. Kidogo kidogo niliiona karatasi inaanza kufanana na mimi, nikapata moyo. Ndipo akafika kwenye samaki.

"Na hii kampuni ya Pemba?"

Niliuvuta ule mchele wake nikaanza kuchambua.

"Mimi ndiye niliyekuwa Pemba," akasema. "Hiyo kampuni ilikuwa nyuma ya nyumba tuliyopanga. Tulikuwa tunafunga madirisha kwa harufu. Wakikuuliza geti lake liko upande wa barabara au upande wa bahari, utasema nini?"

"Shemeji, nikiandika Nhica wataniona mtu wa porini, mwenzao waliotushambulia."

"Ukiandika uongo wakaujua, watakuona mtu wa porini anayedanganya."

Lazima nieleze hapa kilichotupata. Mji uliposhambuliwa, baba alikuwa ameshapooza upande mmoja. Nilimkalisha kwenye baiskeli, nikamfunga kwa kitenge asianguke, nikaisukuma hadi karibu na Nhica do Rovuma tukiwa katikati ya watu. Wenzetu waliendelea mpaka mtoni wakavuka kwenda Tanzania. Baba hakuwa wa kuvushwa. Kila nilipomwinua alikuwa analia kwa maumivu, na waliokuwa na mitumbwi walikuwa wanataka watu wanaoweza kukimbia. Tukabaki mashambani, mbali na njia, pamoja na familia chache zilizokwama kama sisi.

Katika hao kulikuwa na mama mmoja Mmakonde, mjane, Mkristo, aliyeshuka kutoka nyanda za juu miaka ya nyuma kwa ajili ya kilimo. Alitupa nusu ya kibanda chake cha shambani. Tulikuwa tunapika alfajiri wakati wa ukungu ili moshi usionekane. Hatukutwanga, maana kinu kinasikika mbali. Mhogo tuliukwaruza kwa kopo lililotobolewa misumari. Mara mbili watu wa porini walipita karibu, tukalala kifudifudi kwenye mtaro, na mama yule alikuwa amemziba baba mdomo kwa kiganja, taratibu, kama mtu anayembembeleza mtoto. Nikiwa mbali nimekwenda kutafuta chakula, yeye ndiye aliyemmiminia maji ya udhu. Baba alipofariki, yeye ndiye aliyenisaidia kuchimba. Sala ya maiti niliisali peke yangu, naye amesimama kando, kajifunga kitambaa kichwani.

Baadaye majeshi yalifika upande ule yakatutoa. Wanaume tulitengwa tukahojiwa, kisha tukaachiwa. Hakuna karatasi niliyopewa kuonyesha kwamba nilihojiwa na kuonekana safi. Niliporudi Palma, watu waliokuwa Pemba au Tanzania walisema wazi walikokuwa. Mimi nikiulizwa nilijibu, "Huko huko," nikageuza mazungumzo.

Shemeji alikuwa anayajua haya. Akauliza, "Kule mlikuwa mnagawana mhogo na mbegu. Nani alikuwa anagawa?"

"Mimi."

"Basi tunaweza kuandika kwamba ulisimamia akiba ya chakula ya familia zilizokimbia. Si uongo."

Damu ilinipanda kichwani. "Shemeji, usinifanyie kifo cha baba kuwa uzoefu wa kazi."

Kalamu yake ilisimama. Nilidhani ameudhika, lakini alifuta lile neno alilokuwa ameanza, akapuliza vumbi la ufutio. Tuliandika mstari mmoja: nilimtunza baba yangu mgonjwa mashambani, Nhica do Rovuma, hadi alipofariki. Hatukuongeza kitu.

Zikabaki zile namba mbili. Ya kwanza ilikuwa rahisi, mkuu wangu wa zamani wa ghala, aliyekuwa Nampula sasa. Ya pili shemeji alisema lazima iwe ya mtu aliyeniona ule mwaka, kwa sababu hapo ndipo watakapouliza. Nilimjua mmoja tu. Siku tulipotenganishwa kwenye lori la jeshi, yule mama aliniambia ana ndugu Awasse, kijiji cha njia panda kuelekea nyanda za juu.

Jumatatu asubuhi nilipanda gari ndogo ya mizigo inayochukua abiria. CV nilikuwa nayo kwenye bahasha, maana nilitaka aone kilichoandikwa kabla sijamwomba chochote. Tulipita Olumbi salama. Mbele yake kulikuwa na kizuizi. Askari kijana wa jeshi la nchi yetu, mwenye Kireno cha kusini, aliangalia vitambulisho vya wote, kisha akaniona na bahasha.

"Hicho nini?"

"CV. Natafuta kazi."

Akaitoa. Nilidhani ataitupia jicho tu. Aliisoma, midomo ikicheza, na nikayaona macho yake yanafika pale.

"Nhica. Mwaka mzima na zaidi, mashambani." Akaniangalia. "Shuka."

Nilishuka. Abiria waliacha kuzungumza. Niliambiwa nikae kwenye gogo kando ya barabara, na yeye akaenda na karatasi yangu kwenye kibanda chao cha majani. Jua lilikuwa linapanda. Dereva alizima injini, akaiwasha, akazima tena. Mwanamke mmoja ndani ya gari alisema kwa sauti ya chini, si chini vya kutosha, "Tuondoke, watu kama hao hatujui walikuwa na nani." Niliangalia viatu vyangu. Niliwaza kwamba laiti ningeandika samaki, ningekuwa nimeshafika njia panda. Nilimkasirikia shemeji, nikamkasirikia baba kwa kuwa mzito, halafu nikaona haya.

Askari alirudi. Akasimama mbele yangu, jua nyuma yake, sikuweza kuuona uso.

"Baba yako alikuwa anaumwa nini?"

"Alipooza."

"Ulimwacha wapi?"

"Nilimzika kule kule."

"Nani alikuwepo?"

"Mama mmoja wa Kimakonde. Ndiye ninayemfuata Awasse."

Akakunja karatasi, akairudisha kwenye bahasha mwenyewe. "Pole," akasema. "Panda." Garini hakuna aliyenisogelea mpaka mwisho wa safari.

Awasse niliuliza kwenye vibanda vya njia panda nikaelekezwa. Nilimkuta nje ya nyumba ya miti ambayo ilikuwa bado haijakandikwa upande mmoja, anamenya mhogo. Alinitazama kama asiyeamini, kisha akainuka akanishika mashavu kwa mikono yenye utomvu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umenenepa!"

Alinipa maji, akanipa chakula, akaniuliza habari za mji. Nilichelewesha neno langu mpaka likawa zito. Nilipolitoa, nilimsomea CV yote kwa Kiswahili, nikamwambia nataka kuandika jina lake na namba yake. Kisu kilisimama mkononi.

"Hapana," akasema.

"Mama, watapiga mara moja tu."

"Si hilo. Hapa nilisema nilikuwa Tanzania." Aliangalia upande wa nyumba ya jirani. "Watu hapa wamepoteza watoto. Ningesema nilikaa porini mwaka mzima nikatoka mzima, wangeniuliza nilikuwa nawapikia akina nani. Hata mwanangu sijamwambia."

Sikumlazimisha. Nilikuwa najua anachosema kuliko mtu yeyote. Nilikunja karatasi, nikasema basi, nitatafuta mwingine, ingawa mwingine hayupo. Nilikuwa nimeshasimama kuaga pale mwanawe alipoingia uani akisukuma pikipiki. Alikuwa mmoja wa vijana wanaolinda kijiji, bunduki begani, rika langu. Alinitazama kofia, akanitazama kanzu.

"Huyu nani, mama?"

"Mgeni."

"Mgeni wa wapi?"

"Palma," nikasema.

"Umemjulia wapi mama yangu?"

Kusema Nhica ni kumvua nguo mama yake mbele yake. Kusema Tanzania ni uongo, na mtu yule angeniuliza kambi gani, mtaa gani. Aliona ninasita. Akaiegemeza pikipiki ukutani, akaushusha mkanda wa bunduki begani, polepole.

"Nimekuuliza."

"Niulize mimi," mama akasema.

Alizungumza naye Kimakonde, na mimi nilikuwa nafuata nusu nusu. Nilisikia Nhica. Nilisikia neno la mtaro, na neno la kaburi. Alikuwa anazungumza ameketi, akiendelea kumenya, bila kuinua macho, na maganda yakimwangukia miguuni. Kijana alimkatiza mara moja kwa ukali. Mama akamwacha amalize, kisha akaendelea pale pale alipokuwa. Mwisho aliniashiria mimi kwa kisu, akasema kitu kifupi. Baadaye aliniambia alichosema: "Huyu alikuwa anakwenda kutafuta chakula na kurudi. Angeweza kutorudi."

Mwanawe alisimama akiangalia ule ukuta usiokandikwa. Kisha akatoka uani.

"Andika," mama akaniambia.

"Mama, na yeye?"

"Yeye nimeshamwambia. Kilichokuwa kinanizuia ni hicho. Andika kabla sijaogopa tena."

Niliandika jina na namba. Kijana alirudi, akaniambia kwa kichwa nipande pikipiki. Alinipeleka njia panda. Sikujua kama ananisindikiza au ananitoa kijijini. Niliposhuka nilimshukuru, akageuza pikipiki.

CV niliipeleka Alhamisi, ukurasa mmoja, imechapwa upya. Mwenye kibanda cha fotokopia aliuona ule mstari wa Nhica akatikisa kichwa, lakini alichapa.

Wiki iliyofuata niliitwa. Ofisi yao ilikuwa kontena lenye kiyoyozi. Kulikuwa na mama mmoja wa idara ya wafanyakazi, kutoka Maputo, na pembeni yake mwanamume wa usalama, asiye na karatasi wala kalamu, mikono imefumbatwa. Mama yule aliniuliza habari za ghala, nami nilijibu vizuri, najua nilijibu vizuri. Alikuwa anafuata CV kwa kidole, na kila nilichosema alikikuta pale. Kisha akamwangalia mwenzake.

"Nhica," mwanamume akasema. "Wengi huweka Pemba."

"Sikuwa Pemba."

"Nani anaweza kuniambia ulikuwa unamtunza baba na si kitu kingine?"

Nikamwonyesha namba. Akaiweka simu mezani, akafungua sauti, akapiga. Tulisikia kimya, kisha ile sauti ya mashine ikisema mteja hapatikani. Akapiga tena. Hapatikani. Nilisikia jasho likishuka mgongoni katika baridi ile ya kiyoyozi. Kichwani nilimwona mama wa Awasse akiwa ameitupa simu kisimani. Nilimwona mwanawe akiwa ameichukua.

"Awasse mtandao unasumbua," nikasema, na mwenyewe niliona jinsi maneno yalivyokuwa mepesi.

Wakampigia mkuu wangu wa Nampula. Alipokea, akanisifu, akasema hakuwahi kukosa mfuko wa saruji mikononi mwangu. "Na baada ya vita?" mwanamume akauliza. "Baada ya vita sijui," mkuu akajibu, na hakukosea. Wakaniambia wataniarifu.

Siku zilizofuata nilikuwa mtu wa kukaa na simu. Mama hakupatikana. Shemeji hakuniuliza kitu, ila jioni moja aliniwekea kipande kikubwa cha samaki, akasema, "Ulichoandika ni kweli. Wasipokuchukua, si kwa kosa la karatasi." Sikufarijika. Nilikuwa nataka kazi, sikuwa nataka kuwa mkweli bila kazi.

Mama alinipigia mwenyewe. Alikuwa anahema.

"Nilikuwa shambani, huko hakuna mtandao. Nimerudi nakuta namba ngeni imepiga mara nyingi. Mwanangu kanipeleka na pikipiki mpaka penye mnara, tukaipigia sisi."

"Mwanao?"

"Yeye. Alikaa pembeni anasikiliza. Yule mtu kaniuliza maswali kama padri. Baba alikuwa analala upande gani, kaburi limeelekea wapi, mlikula nini. Nilimwambia yote. Kaniuliza kama siogopi kusema. Nikamwambia naogopa."

Nilichukuliwa, ingawa si kwa nafasi iliyotangazwa. Mtunza ghala walimpata mtu wa Nampula mwenye diploma. Mimi walinipa msaidizi wake, kwa mkataba wa miezi michache unaoweza kuongezwa. Wameshauongeza mara moja. Mtu wa usalama nakutana naye getini, ananisalimu kwa jina. Sijui kama ananiamini au amenizoea tu.

Kwa mama mambo hayakunyooka hivyo. Habari ilitoka, sijui kwa njia gani, labda kwa simu ile iliyozungumzwa penye mnara, mahali pa watu. Baadhi ya majirani hawanywi tena maji kwake. Kanisani kuna benchi analokaa peke yake. Aliniambia hayo kwenye simu kwa sauti ya kawaida, na niliposema kwamba nimemletea balaa alinikatiza.

"Ukuta umekandikwa," akasema. "Mwanangu kaumaliza. Wewe niambie, huko kazini mnapewa chakula?"

"Tunapewa, mama."

"Chakula gani?"

"Wali na maharage, siku nyingi."

"Wanatia nazi?"

"Hawatii."

"Watu gani hao," akasema, akaguna kwa masikitiko ya kweli, kisha simu ikakatika kwa mtandao.